Mwalimu Aliyebandika Fuvu Kwenye Ulanzi

Kwako Mama Apolonia wa Kihesa, unayewajibu watu gazetini,

Kamwene, Mama. Pokea salaam zangu kutoka huku Igowole kwenye ukungu na matope, mimi ni mzima wa mwili ila moyo hauna raha, naomba unisaidie kabla sijafanya jambo, maana mimi ni mtu mpole na msomi lakini hapa nilipofikishwa upole umekwisha, na walionifikisha ni walamu zangu, yaani kaka zake mke wangu, ambao wananimalizia ulanzi wangu, ile pombe ya mianzi.

Mimi si mwenyeji wa huku, kwetu ni Rungwe, ng'ambo ya Mbeya, nilikuja kufundisha sayansi katika shule ya kati, nikamwona binti aitwaye Benedicta nikamwoa, na siku ya harusi baba mkwe akanipa vichaka vya mianzi vilivyo nyuma ya nyumba, akatangaza mbele ya watu wote kwamba hataki kusikia mkwe wake amekufa kiu, basi mimi nikayashika maneno hayo, nikajifunza kugema, asubuhi na jioni nakwenda kukata ncha ya mwanzi mchanga na kutega mbeta, yaani kile kipande cha mwanzi kinachokinga maji yake, na nikwambie Mama, bila kujisifu, ulanzi wangu ni mtamu kuliko wa wenyeji wenyewe kwa kuwa mimi nagema kwa usafi wa kisayansi.

Sasa sikia mateso yangu, nikienda alfajiri nakuta mbeta nyingine zimeshanyonywa zimebaki na nzi tu, na ule ninaouwahi nikiuleta nyumbani na kuutia kwenye vibuyu, mlamu wangu mkubwa aitwaye Kalinga anaingia bila kubisha hodi, anainua kibuyu, anakunywa mpaka koo linalia, anafuta mdomo kwa mkono na kuniuliza, "Mlamu, wa leo mbona mwepesi, umeuongezea maji?" na nikimlalamikia mke wangu yeye anacheka, anasema kwao mlamu hakaribishwi, anajikaribisha, na ukimnyima mlamu wako ulanzi ni kama kumwambia dada yake afunge mizigo, sasa mimi mtu wa kuja ningefanya nini?

Ndipo nikakumbuka kwamba nimesoma. Shuleni mwenye ufunguo wa kabati la sayansi ni mimi, na mle ndani mna chupa za tindikali, za spiriti, za dawa ya panya, chumvi ya haluli, na nyingine nyeupe nyeupe, majina yake yalikwisha futika zamani, ila zile kali zilikuwa na karatasi nyekundu zenye picha ya fuvu la kichwa na mifupa miwili iliyopishana, na mimi mwenyewe ndiye niliyewafundisha wanafunzi kwamba penye fuvu hapaguswi, hapanuswi wala hapaonjwi, nao wakaenda kuwasimulia wazazi wao mpaka vikongwe wasiojua herufi moja wakalijua fuvu, basi nikazibandua karatasi zile kwa mvuke wa birika, polepole zisichanike, nikazibandika kwenye vibuyu vyangu kwa gundi ya uji wa ngano, na Mama, nyumba ilitulia! Kalinga aliingia, akaona, akatoka kinyumenyume kama aliyekanyaga nyoka, na mimi nikakaa mlangoni kwangu nikanywa taratibu kama chifu.

Usije ukaniuliza habari za zile chupa za shuleni, sina wasiwasi nazo hata kidogo, mimi nazijua kwa mahali zilipokaa kama ninavyoyajua meno yangu, ingawa juzi wanafunzi wa zamu walisafisha kabati wakazipanga upya, ndefu nyuma na fupi mbele, ili zipendeze, na kwa kweli zimependeza.

Kilichoniharibia ni Kalinga huyo huyo, alikuja kuazima jembe akapita nyuma ya nyumba, akanichungulia dirishani nikiinua kibuyu chenye fuvu na kulamba midomo, akaenda zake kukaa kwake akisubiri asikie kilio cha msiba, na kesho yake aliponisikia nawafokea wanafunzi mstarini akajua, na tangu hapo nimekwisha. Sasa wanakunywa kuliko mwanzo! Kilabuni watu hawaombi tena mkangafu, ule uliokwisha chacha, wanasema, "Nipe ule wa fuvu," na akina mama wanaouza wameanza kuchora mafuvu kwa mkaa kwenye mitungi yao ili wapate wateja, na mafuvu yenyewe hayana hata meno, hawajui kuchora. Hata binti yangu Atuganile, ambaye bado hajaanza shule, akiona fuvu mahali popote anapiga makofi, "Baba, togwa!" kwa sababu ule mpya usiochacha, ambao huku tunauita togwa, huwa nampa kidogo asubuhi, mtoto ana akili sana huyu, nadhani amerithi.

Basi Mama, ombi langu ni hili. Nimefikiri nimtilie Kalinga chumvi ya haluli kwenye kibuyu kimoja, si nyingi, kipimo nakijua mimi ni mtu wa sayansi, hatakufa, atakimbilia migombani usiku kucha basi, na chupa ya haluli naamini ni ile nyeupe iliyokuwa karibu na dawa ya panya, na nikiwa na shaka nitalamba kidogo kwa ncha ya ulimi nihakikishe. Mwalimu Mkuu sitaki ajue habari ya alama maana atanivua ualimu. Naomba jibu la haraka kwa sababu nimepata uhamisho, baada ya Pasaka narudi kwetu, kabati nitamwachia Mwalimu Ezekia anayetoka Mbeya, na Benedicta na mtoto watatangulia kwa baba yangu, mzee Jailos, ambaye ameshawatengea chumba, kile anachowekea mbegu na debe la dawa ya kahawa aliyopewa na Bwana Shamba, kwa kuwa ghala lake linavuja. Sitaki kuondoka Igowole bila kumshinda Kalinga hata mara moja.

Je, kumtilia mlamu haluli ni dhambi, au ni utani unaoruhusiwa?

Ni mimi,
Mwalimu Mwenye Kiu,
Igowole.

*

Mwalimu Mwenye Kiu,

Nilipoanza kuisoma barua yako nilicheka mpaka jirani akaja kuuliza nimepata habari gani njema. Nilipofika mwisho nilikuwa nimesimama.

Lakini tuanze na ya kuchekesha, maana umenipa mengi. Umejificha kwa jina la bandia, vizuri, halafu ukamtaja mke wako, mlamu wako, mtoto wako, baba yako mzazi, na mpaka mwalimu anayekuja. Bwana wee, Igowole ina walimu wa sayansi wangapi? Na mianzi unayoililia, unasema mwenyewe ulipewa na baba yao Kalinga. Mzee kakupa mke, kakupa mianzi, na wewe unawahesabia wanawe mafunda. Mtu akikusikia atadhani uliibeba mianzi hiyo kichwani kutoka Rungwe.

Sasa swali lako, dhambi au utani. Mlamu anakutania kwa kunywa ulanzi wako, nawe mtanie. Mfichie kibuyu darini. Mtilie maji kweli, apate cha kulalamikia. Mwambie ana tumbo la pipa na mke wake asikie. Watu wa huku wamekuwa wakifanyiana hivyo tangu mianzi iote na hakuna aliyezikwa. Ila kumtilia mtu dawa kwenye kinywaji naye hajui, huo si utani, hiyo ni kesi, na hakimu hatauliza kama mlikuwa mnacheka. Tena unasema utamtilia haluli. Nani kakwambia ni haluli? Kabla hujagusa zile chupa ulikuwa na haluli upande huu na dawa ya panya upande ule, zote nyeupe, na karatasi nyekundu ikikuonyesha ipi ni ipi. Karatasi hiyo umeibandua wewe. Halafu watoto wakazipanga kwa urefu. Kwa hiyo mwenye kujua kipimo anakwenda kupima kitu asichokijua jina. Ungempeleka Kalinga kaburini ukiwa umeshika kijiko cha kipimo mkononi.

Hebu simama kidogo uitazame kazi yako. Sumu umeivua alama. Pombe umeivisha alama ya sumu. Mlevi wa kilabuni, hata angeamua kukosea kwa makusudi, asingeweza kukosea pande zote mbili namna hiyo. Kwa hilo ilihitajika cheti.

Na eti ukiwa na shaka utalamba. Ala! Kwa ulimi huo huo unaowafundishia watoto kwamba hapaonjwi? Kabla sijaolewa nilikuwa muuguzi katika hospitali moja ya misheni, nikampokea mwanamume aliyelamba unga mweupe jikoni kwa ndugu yake ajue kama ni chumvi. Alipata kujua, naam. Aliendelea kujua mpaka jua linazama, ameshika tumbo, anamwita mama yake ambaye alikwisha kufa zamani, na sisi tuliomzunguka hatukuwa na la kumfanyia kwa kuwa hakuna aliyeweza kutuambia ule unga ni kitu gani. Kopo halikuwa na jina. Ndiyo sababu vitu hivi huandikwa, Mwalimu.

Haya yote ningeweza kuyasema kwa kukusuta tu, ningemaliza nikanywa chai yangu. Kilichonisimamisha ni Atuganile.

Wewe umeona ni akili, na kweli ni akili. Mtoto amefundishwa akashika: fuvu ni togwa, ni tamu, na anayemimina ni baba. Somo hilo hamna mwanafunzi wako aliyelielewa vizuri kama yeye. Sasa unamtanguliza kwa babu yake akalale chumba kimoja na debe la dawa ya kahawa. Unafikiri debe hilo limechorwa nini ubavuni, Mwalimu? Ua?

Nimekasirika na sioni haya kusema. Aliyeitengeneza dawa ile yuko mbali, hawezi kuja kusimama mlangoni kwa mzee Jailos kila asubuhi awakataze watoto. Kwa hiyo kaandika maneno kwenye debe: isiguse ngozi, ikigusa osha kwa maji mengi, isiwekwe karibu na chakula, isilale na watu. Ameyaandika kwa Kiingereza, na baba yako sidhani kama anakisoma. Mjukuu wake hasomi lugha yoyote. Alichobakiza kwa ajili yao wawili ni ile picha, ambayo hata asiyejua herufi huielewa, na wewe kwa ajili ya kibuyu cha ulanzi umemfundisha mwanao kuipigia makofi.

Haya, sikiliza utakalofanya, na usinijibu kwamba utaona aibu. Mficha uchi hazai.

Usizisogelee zile chupa. Usizinuse, usizilambe, usichanganye moja na nyingine uone kama zitatoa moshi, na Mungu akusamehe kama ulishafikiria kuzimwaga kijitoni, maana najua wanawake wa Igowole wanachota wapi. Chupa yoyote isiyo na jina ihesabiwe ni sumu mpaka aje mtu mwenye vifaa vya kuipima, hata kama moyo wako unaapa kwamba ile ni chumvi. Mwalimu Ezekia akifika, usimpe ufunguo na tabasamu. Simama naye mbele ya kabati umwambie kwa kinywa chako ulichokifanya, chupa kwa chupa, na Mwalimu Mkuu awepo. Ukifukuzwa kazi, utalima. Mtu anaweza kulima. Wale watoto wa zamu waliozishika chupa na vitambaa vyao, waulize leo kama kuna aliyemwagikiwa mkononi au aliyekwenda nyumbani na kitambaa chake, na usiwaulize kwa fimbo, watakuficha.

Kisha vibuyu. Banduka hapo ulipokaa kama chifu, zitoe karatasi zote uzichome moto mbele ya Atuganile, umwambie baba alikosea. Usimwambie kwa mafumbo, mtoto mdogo hajui mafumbo. Kibuyu kilichobandikwa usikitumie tena, karatasi hizo zilikaa miaka kwenye chupa za sumu na wewe ukazishika kwa vidole vyako na kumpa mtoto togwa kwa vidole hivyo hivyo. Halafu nenda kilabuni, mchana, watu wakiwepo. Waombe wale akina mama wafute mafuvu yao, na wakikuuliza kwa nini, waeleze tangu mwanzo, mianzi, vibuyu, birika na yote. Watakucheka. Watakuita Mwalimu Fuvu mpaka siku unapanda lori, na wengine watakuita hivyo baada ya hapo. Waache wacheke. Kila anayekucheka atakuwa amekumbuka tena kwamba fuvu ni sumu, na hilo ndilo deni lako kwa Igowole.

Sasa lililobaki. Gazeti letu hutoka mara moja kwa mwezi, na ngoja ngoja huumiza matumbo, tena matumbo yenyewe ni ya watoto. Ningesubiri jibu hili lichapwe, mke wako na binti yako wangekuwa wameshafika kwa mzee Jailos. Kwa hiyo siri yako nimeivunja. Lori la misheni lilikuwa linapanda huko kwenu Mufindi kupeleka mabati, nikamkalisha dereva wake, Liberatus, nikamwambia maneno ya kusema, nikamfanya ayarudie mbele yangu mpaka nikaridhika. Aliyasema kwa Mwalimu Mkuu na aliyasema kwa Benedicta. Ukikuta kabati lina kufuli usilolijua, sababu ni hiyo. Nichukie ukitaka.

Liberatus amerudi jana na amenipa habari. Anasema Benedicta hakulia. Alisikiliza mpaka mwisho, akamfungia mtoto ndani kwa bibi yake, akaenda kumwita Kalinga. Akamwambia kaka yake kila kitu, debe, chupa, na haluli pia hakuificha. Kalinga akauliza swali moja tu, lori la kwenda Mbeya linapita saa ngapi. Alipanda bila hata kwenda kwake kuchukua koti, na mvua hiyo, akaondoe lile debe chumbani kwa mzee Jailos kabla mpwa wake hajafika.

Huyo ndiye uliyetaka kumshinda.

Akirudi, mkaribishe vizuri. Mtolee ulanzi wako ulio mtamu kuliko wote, kwenye kibuyu kipya. Desturi ya huku unaijua, mwenye kinywaji huonja kwanza ndipo humpa mgeni, mgeni ajue hamna kitu ndani. Kalinga hajawahi kukudai jambo hilo, alikuwa akiingia na kuinua tu, kwa kuwa wewe ni mume wa dada yake. Safari hii atakaa kwenye kigoda na kungoja uonje.

Mama Apolonia,
Kihesa.